Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Mazoezi Yaanzie Mlangoni

Nairobi, Juni 2020

Wakazi wenzangu wa Nairobi,

Tangu saa moja jioni ya tarehe 6 Aprili, jiji letu limewekewa mpaka ili kuzuia korona. Anayekwenda Limuru huishia Rironi. Anayekwenda Thika huishia daraja la mto Chania. Kwenye barabara ya Mombasa mwisho ni Athi River, na upande wa Kajiado mwisho ni Kitengela, Kiserian, Ongata Rongai na mji wa Ngong. Tarehe 6 mwezi huu Rais Uhuru Kenyatta aliongeza siku 30 nyingine. Kafyu imelegezwa, sasa inaanza saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, na Eastleigh iliyokuwa imefungwa peke yake tangu 6 Mei imefunguliwa. Lakini mpaka wa jiji ungalipo.

Ndani ya mpaka huo hatukupewa kipimo chochote cha mazoezi. Wenzetu wa nchi nyingine walipimiwa. Ufaransa iliwaruhusu watu wake kutoka kwa saa moja tu kwa siku, wasivuke kilomita moja kutoka nyumbani. Ireland ilianza na kilomita 2, ikaongeza hadi 5 mwezi Mei. Afrika Kusini ilipiga marufuku kabisa mazoezi ya nje kuanzia 27 Machi, kisha Mei mosi ikaruhusu kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli asubuhi, ndani ya kilomita 5 za nyumbani. Hapa jirani, Uganda ilikataza watu kukimbia barabarani, na Rais Museveni mwenyewe akajirekodi akifanya mazoezi ndani ya ofisi yake ili raia waige. Kwetu, mradi hujavuka kizuizi, umevaa barakoa na hujakusanyika na watu, uamuzi ni wako.

Uamuzi huo ndio unaonifanya niwaandikie. Kwa kuwa hatukupimiwa, tujipimie wenyewe, na kipimo chetu kiwe chepesi hata mtoto akielewe: mazoezi ya mtu yaanzie mlangoni kwake na yafikiwe kwa miguu. Ikiwa unahitaji matatu, boda boda au gari ili ufike mahali pa kufanyia mazoezi, mahali hapo ni mbali mno kwa sasa.

Sisemi tukae ndani. Wanaougua kisukari, shinikizo la damu na unene wa kupindukia ni miongoni mwa wanaoumizwa zaidi na korona, na maradhi hayo hustawi mwili unapokaa bure. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Nairobi ni jiji la watembea kwa miguu. Kuna baba wa Mukuru aliyekuwa akitembea hadi Eneo la Viwanda kila alfajiri na kurudi jioni. Hakuwahi kuita safari ile mazoezi, lakini ndiyo iliyokuwa ikimlinda. Kiwanda kimepunguza watu, naye sasa anashinda chumbani, mawazo yamemjaa. Watoto nao hawajaona darasa wala uwanja tangu katikati ya Machi. Watu hawa wanahitaji hewa, jua na kutembea kama wanavyohitaji chakula.

Kwa nini basi isiwe mbali? Kwanza, safari yenyewe ndiyo hatari. Matatu ya abiria 14 imeagizwa ibebe 8 kwa sababu watu waliofungiwa pamoja huambukizana. Haina maana kupita katika hatari hiyo kwenda na kurudi ili ukapumue vizuri kwa saa moja. Pili, jiji zima likikimbilia sehemu zile zile, hewa safi hugeuka msongamano. Msitu wa Karura una takriban hekta 1,000, lakini mageti yake ni machache, na maegesho, foleni ya kuingilia na vyoo ni vile vile kwa wote. Tatu, mazoezi yamekuwa kisingizio. Tunazijua njia za panya zinazozunguka vizuizi, tunawajua wanaovushwa kwa boda boda na wanaotoa kitu kidogo ili wakapande mlima au wapunge upepo wa ziwa Naivasha mwishoni mwa wiki. Visa vingi vya ugonjwa huu nchini vimepatikana Nairobi na Mombasa. Anayetoka hapa akiwa na virusi bila kujua anavipeleka kwa wazee wa mashambani, walio mbali na vitanda vya wagonjwa mahututi, ambavyo vingi viko mijini. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Afya inayotegemea safari haitatufaa wakati safari ndiyo inayotuambukiza.

Najua jibu litakalotoka katika mitaa ya Pipeline, Huruma na Mathare: ni rahisi kusema hivyo ukiwa na ua wenye nyasi. Ni kweli kabisa. Kuna maelfu ya watu wanaoishi katika ghorofa zilizosogeleana hadi jua halifiki chini, na nje ya mlango kuna korido, ngazi, kisha barabara yenye magari na maji taka. Ukimwambia mtu huyo afanye mazoezi karibu na nyumbani kisha ukaenda zako, hujamsaidia. Kipimo ninachoomba hakiwezi kutimizwa na mtu mmoja mmoja. Ili kila mkazi apate nafasi kwa miguu, walio na nafasi na walio na funguo za nafasi hawana budi kuzifungua. Hapo ndipo ninapotaka tushikane mikono, ingawa kwa sasa hatupeani.

Kwanza, bodi na kamati za shule za umma. Karibu kila mtaa wa jiji hili una shule ya msingi, na shule nyingi zina uwanja. Viwanja hivyo vimekaa kimya miezi mitatu, geti limefungwa kwa kufuli, nyasi zimepanda hadi magotini. Ukiondoa shule zilizogeuzwa kuwa vituo vya karantini, fungueni viwanja kwa wakazi wa jirani kwa zamu: wazee na wenye maradhi alfajiri, wazazi na watoto wadogo asubuhi, vijana alasiri. Isiwe mechi wala mkutano. Watu watembee kwa kuzunguka uwanja upande mmoja, wakiachana nafasi, na kila anayeingia anawe mikono getini. Viwanja hivi ni vya umma, na vilipiganiwa. Mnamo Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi walipousukuma ukuta uliojengwa kunyakua uwanja wao. Taifa zima liliona, na uwanja ukarudishwa. Mali iliyookolewa kwa gharama hiyo isikae nyuma ya kufuli wakati wananchi wanaihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Pili, wenye nyumba na wasimamizi wa ploti. Paa la ghorofa lenye ukingo imara linatosha kumpa mpangaji nafasi ya kutembea na kujinyoosha. Ua wa kuegesha magari unaweza kuachwa wazi saa mbili kila asubuhi. Wekeni ratiba ukutani, sakafu moja baada ya nyingine, ili watu wasigongane. Kodi imekuwa ngumu kulipa, nanyi pia mnaumia, lakini ruhusa ya kutumia paa haiwagharimu shilingi.

Tatu, mitaa yenye mageti. Baadhi ya barabara mlizoziwekea vizuizi na walinzi ni barabara za umma, zenye miti, kivuli na magari machache. Ng'ambo ya ukuta kuna watu wasio na hata kipande cha njia ya miguu. Waagizeni walinzi wenu wamruhusu jirani anayetembea akiwa amevaa barakoa apite bila kuulizwa amekuja kumwona nani. Mama anayewafulia nguo siku za kazi asigeuke mtu wa kushukiwa anapotembea hapo Jumapili.

Nne, wenye magari. Nyinyi mna uwezo wa kufika Karura, Arboretum na Ngong, na hakuna anayewakataza. Nawaomba mjizuie kwa hiari, mwaachie misitu hiyo wanaoishi kando yake: watu wa Githogoro na wa kijiji cha Huruma (si Huruma ile ya karibu na Mathare) walioko mpakani mwa Karura, na wa Kibera wanaopakana na msitu wa Ngong Road. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipopinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park mwaka 1989, na walipopigwa Januari 1999 wakijaribu kupanda miti Karura, hawakuwa wakitetea bustani ya tabaka moja. Walitetea ardhi ya watu wote. Kumpisha asiye na pengine pa kwenda ni kuendeleza kazi yao. Anzeni kutembea mtaani kwenu, na mtakapoona njia ya miguu imemezwa na maegesho au imekatika ghafla, mtakuwa na sababu ya kuidai pamoja na sisi tunaoitumia kila siku.

Tano, wakimbiaji mliozoea vikundi. Najua kundi ndilo linalomtoa mtu kitandani. Hata hivyo, kambi za wanariadha zilifungwa mwezi Machi, na Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni chini ya saa mbili huko Vienna mwaka jana akisukumwa na kikosi kizima cha wenzake, amekuwa akijifua peke yake. Kama yeye ameweza, nasi tutaweza kwa miezi hii. Pangeni kukimbia mkiwa mbalimbali, kisha mpeane matokeo kwa simu jioni.

Sita, serikali. Kaunti na idara ya Huduma za Jiji la Nairobi (NMS) zinaweza kufunga barabara chache katika kila wadi Jumapili asubuhi, magari yasipite, watu watembee. Si ndoto. Kigali imekuwa na siku zake zisizo na magari tangu 2016, na watu hujaa barabarani kwa miguu na baiskeli. Kwetu, tofauti iwe kwamba barabara hizo zitawanywe mitaani, zisiwekwe katikati ya jiji zikavuta umati. Tuogope pia kosa la saa: Afrika Kusini ilipowapa watu wote saa tatu zile zile, njia ya miguu ya kando ya bahari huko Sea Point mjini Cape Town ilifurika siku ya kwanza. Kwetu saa za mchana zote ziko wazi, basi tuzitumie zote, tusijazane saa kumi na mbili asubuhi.

Na kwa maafisa wa polisi, nasema hili kwa uchungu. Mwezi Machi mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi huko Kiamaiko akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, wakati wa kafyu. Kwa familia nyingi za jiji hili, kumwona askari bado ni kuogopa. Mtu anayetembea peke yake mchana, amevaa barakoa, hajavunja sheria yoyote. Mkimwelekeza kwa upole, atawasikia. Mkimpiga au kumdai pesa, mtawarudisha watu vyumbani au mtawasukuma kwenye njia za panya.

Liko jambo moja ambalo haliko mikononi mwa serikali peke yake, nalo ni usalama wa wanawake. Wengi hawatoki kukimbia kwa sababu wanajua kona ipi ina vijana watakaowatupia maneno, na uchochoro upi hauna taa. Vijana wa mtaa, hilo ni lenu. Mwanamke akipita, apite kwa amani. Wanaume watu wazima, mkiona mwenzenu anamsumbua, mkemeeni papo hapo. Na wanawake mnaopenda, tembeeni wawili wawili mkiachana hatua kadhaa, jua likishachomoza.

Sasa tuanzeje? Kabla ya Jumamosi, kila ploti na kila mtaa uchague watu wawili. Kazi yao iwe kuzunguka kilomita moja ya jirani na kuandika kila nafasi iliyo wazi: uwanja wa shule, wa kanisa, wa msikiti, paa, barabara isiyo na magari mengi, ukingo wa mto unaopitika. Waandike ni nani mwenye ufunguo. Jumatatu orodha ifike kwa chifu, kwa mzee wa Nyumba Kumi, kwa mwalimu mkuu na kwa mwakilishi wa wadi, ikiwa na ombi moja: tufungulieni, nasi tutasimamia unawaji mikono, zamu na usafi. Wajitolee watu wa kukaa getini, na mwenye panga afyeke nyasi.

Mpaka wa jiji utaondolewa siku moja, nasi tutarudi mashambani kuwasalimu wazee tukiwa hatujawapelekea msiba. Orodha za viwanja msizitupe siku hiyo. Ziwekeni, kwa sababu mnyakuzi hupenda uwanja usiojulikana na usiotumiwa, na uwanja wenye watu kila asubuhi ni vigumu kuuiba. Nusu saa kesho, kwa miguu, kutoka mlangoni kwako: anza hapo, na umwambie jirani yako aanze pia.