Mlezi Anywaye Maji ya Yatima

Wapo watu, ewe msomaji kijana, wasemao kwamba jamii ndogo haiwezi kuitawala ardhi yake. Yafaa iwe na mlezi mwenye nguvu wa kuitunza. Maneno hayo ni matamu masikioni. Hebu tuyapime kwa mfano mmoja.

Mpakani mwa majimbo ya Ontario na Manitoba, nchini Kanada, wanakaa Waojibwe wachache wa jamii iitwayo Shoal Lake 40. Mwaka 1873 wakuu wa Waojibwe wa upande ule walifanya mkataba na Malkia wa Uingereza, wakatengewa ardhi za kukaa, mfano wa zile zilizoitwa rizavu hapa Kenya zama za ukoloni. Kwa sheria ya mwaka 1876, ardhi hizo ni milki ya Ufalme, zikishikwa na serikali kwa niaba ya wenyeji. Wao wenyewe ni watumiaji tu.

Je, mlezi huyo alifanya nini? Mji wa Winnipeg ulipohitaji maji safi, serikali iliridhia sehemu ya ardhi ya jamii hii ichukuliwe. Mwaka 1919 maji ya ziwa lao yalifika mjini kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 150. Ili maji ya kinamasi yasichanganyike na yale ya mji, ulichimbwa mtaro uliowatenga wenyeji na nchi kavu, wakawa watu wa kisiwani. Tangu mwaka 1997 walionywa wachemshe maji kabla ya kuyanywa. Mtambo wa kuyasafisha ulikawia, ikasemwa kwamba kuvusha vifaa mpaka kule ni ghali mno! Barabara ya kuwaunganisha na wenzao, iitwayo Barabara ya Uhuru, ilifunguliwa mwaka 2019, na mtambo mwaka 2021. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akashikwa na kiu kando ya ziwa lake.

Labda utauliza kama hawakuwa na baraza. Mkuu na baraza walikuwapo. Lakini hadi mwaka 2014 waziri aliweza kuzitangua sheria ndogo za mabaraza ya namna hiyo. Tena, tangu mwaka 1927 hadi 1951, ilikatazwa kuchanga fedha za kudai ardhi mahakamani bila ruhusa ya serikali. Baraza lisilo na amri juu ya ardhi ni ngoma isiyo na ngozi.

Wengine hujibu kwamba pasipo mlezi ardhi ingaliuzwa yote. Lakini aliyeitoa ardhi hii ni nani, kama si mlezi mwenyewe?

Basi, atakayekuambia kwamba anakushikia ardhi kwa faida yako, mwulize: ikitakiwa na mwenye nguvu, ni nani atakayeweza kukataa? Kama si wewe, ardhi hiyo si yako, hata ukiitwa mwenyeji wake.