Mchuzi wa Kuchovyea wa Kichina, Bila ya Mvinyo

Vijana wetu siku hizi wanaupenda mchuzi mweusi wa Kichina wa kuchovyea sambusa, kababu na samaki wa kukaanga. Kupenda chakula cha watu wengine si kosa. Lakini mapishi mengi ya mchuzi huo hutaja mvinyo wa mchele, na yale ya Kijapani hutaja mirini, ambayo nayo ni mvinyo mtamu wa mchele. Wako wasemao, "Ni kijiko kimoja tu, na moto hukiondoa kileo." Hoja hiyo haisimami. Mchuzi huu haupikwi. Basi ni moto gani utakaokiondoa? Na hata katika chakula kilichopikwa, kileo hakitoki chote upesi.

Wala tusidhani kwamba bila ya mvinyo mchuzi hukosa ladha. Waislamu wako Uchina kwa zaidi ya miaka 1,200. Katika mji wa Xi'an upo Msikiti Mkuu, na mitaani kandokando yake Waislamu wa kabila la Hui huuza vyakula vyao hata leo. Wao huchovya katika siki, thomu na pilipili. Na siki, kama tujuavyo, Mtume wetu s.a.w. aliisifu kuwa ni kitoweo chema.

Basi, mama zetu na dada zetu, twaeni mchuzi wa soya vijiko 3 vya mezani, siki vijiko 2, maji vijiko 2, na sukari kijiko 1 cha chai. Koroga mpaka sukari iyeyuke. Tia tangawizi mbichi iliyoparwa, kadiri ya ncha ya kidole gumba, thomu chembe 2 zilizopondwa, na mafuta ya ufuta nusu kijiko cha chai. Uache robo saa. Chumvi usitie, kwani soya inayo ya kutosha. Pilipili iwekwe kando kwa ajili ya watoto. Na anayekwenda msikitini asile thomu mbichi kabla ya sala, asije akawaudhi wenziwe kwa harufu.

Limebaki la chupa ya soya. Soya hutengenezwa kwa maharage ya soya, ngano, chumvi na maji yaliyochachushwa. Katika kuchacha huzaliwa kileo kidogo sana, na wanazuoni wengi hawakuona ubaya kwacho, maana hakilevyi. Lakini viwanda vingine huongeza kileo kwa makusudi ili soya isiharibike. Kwa hiyo isomeni karatasi ya chupa kabla ya kutoa fedha, na mchague iliyo na alama ya halali. Mtoto aliyefundishwa kusoma karatasi hiyo dukani atajilinda hata pale tusipokuwapo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kula kilicho halali na kizuri. Amin.