Sauti kwanza, kioo baadaye

Kiti cha mamangu kiko katikati ya sebule, hatua nne kutoka kwenye televisheni, na usiku wa Ijumaa hakuna mwingine anayekikalia. Mahali pake nilipapima kwa futi kamba: masafa sawasawa na spika ya kulia na ya kushoto, na zile mbili za nyuma ziko kandokando yake, juu kidogo ya masikio. Mama ana miaka 79. Macho yake yaliondoka polepole kwa presha ya macho, la kushoto likatangulia, la kulia likafuata, na huu ni mwaka wa sita haoni hata mwanga wa taa. Naye ndiye anayeuliza kila Alhamisi: "Mwanangu, kesho twakodi filamu gani?"

Wapo wenzangu wa barazani wanaosema kwamba kujaza spika nyumbani ni anasa ya vijana. Mtu mwenye akili, wasema, hununua televisheni kubwa, akalipia intaneti, basi. Mimi naona wameshika mkia wakaacha kichwa. Anayetaka kutazama filamu nyumbani na aanze na sauti. Kioo kitafuata pesa zikipatikana.

Mama alizaliwa Unguja, na usichana wake ulipita kwenye viti vya majumba ya sinema ya Majestic na Empire. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, anasema aliitazama mara tano, zote kwenye maonyesho ya wanawake peke yao, pamoja na mama yake na shangazi zake. Shree 420 ya mwaka 1955 anaikumbuka kwa mvua: Raj Kapoor na Nargis chini ya mwavuli mmoja. Aliletwa Mombasa bi harusi mwaka 1968, na filamu zake akaja nazo kichwani. Siku moja nilimwuliza spika za Majestic zilikuwa wapi. Akanigeuzia uso kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza upande gani. "Nyuma ya kitambaa. Mtu akisema, sauti yatoka kinywani mwake."

Ni kweli. Kitambaa cha jumba la sinema hutobolewa vitundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa mbali, na spika huwekwa nyuma yake, ili maneno yatoke palepale ulipo mdomo wa mwigizaji. Jambo hilo moja ndilo nililolikosa nilipotumia pesa zangu vibaya mara ya kwanza.

Ilikuwa mwaka 2021. Nilinunua televisheni ya inchi 65 kwa shilingi 85,000, akiba ya mwaka mzima. Niliona nimewafurahisha watoto kwa picha, na mama nitamwongezea sauti. Alikaa nasi Ijumaa mbili. Ya tatu alibaki chumbani na redio yake. Nilipomfuata aliniambia: "Watu wenu waongea wakiwa ndani ya mtungi." Sikuwa na jibu, kwa kuwa na mimi nilikuwa nikisoma maandishi ya chini bila kujijua, hata pale wahusika waliponena Kiswahili.

Televisheni za siku hizi ni nyembamba kama sahani. Spika zake ni ndogo mno, na hazikutazami: nyingi zimeelekezwa chini kwenye meza au nyuma kwenye ukuta. Maneno hugonga ukuta kwanza ndipo yakufikie, yakiwa yamechanganyika na muziki na mvua na magari. Ukiongeza sauti upate kusikia mnong'ono, mlango ukibamizwa kwenye filamu mtoto aliyelala anashtuka. Kosa si la masikio yako.

Dawa ya mtaani kwetu ni wufa. Karibu kila nyumba unayopita jioni ina wufa yake, na madirisha yanatetemeka. Kwa muziki sina neno. Kwa filamu, wufa inaongeza kishindo na kuyafukia maneno zaidi, maana kinachohitajika ni maneno yasikike, si besi.

Sauti ya filamu imetengenezwa kwa mpango mwingine kabisa. Mpango unaoitwa tano nukta moja una njia sita: spika ya mbele kulia, ya mbele kushoto, ya katikati, mbili za pembeni kuelekea nyuma, na ile nukta moja ndiyo spika ya besi peke yake. Ile ya katikati hubeba karibu mazungumzo yote, na inafanya kazi ileile ya spika iliyokuwa nyuma ya kitambaa cha Majestic. Walter Murch na wenzake walipoiandaa sauti ya Apocalypse Now, mwaka 1979, waliipanga ili helikopta izunguke ukumbini nyuma ya vichwa vya watazamaji, na mpango wao ndio uliofungua njia. Mwaka 1992 Batman Returns ikaingia kwenye majumba ya sinema ikiwa ya kwanza yenye sauti ya dijitali ya Dolby. Leo filamu unayokodi kwenye intaneti, ukiwa Kibokoni au Kisumu, mara nyingi inakuja na njia hizo sita kamili. Umeshazilipia. Ukiipitisha kwenye spika za televisheni peke yake, sita zinakunjwa kuwa mbili.

Na watu hawajui jinsi sauti hiyo ilivyo rahisi kwa intaneti. Picha ya HD kamili hutaka kama megabiti 5 kwa sekunde, na ya 4K kama 15. Sauti ya njia sita kwa kawaida haifiki hata megabiti 1. Kwangu nalipia laini ya megabiti 10. Picha ya 4K sina haja ya kuiota, lakini sauti naipata yote, sawa na ya tajiri wa Nyali. Mwenye laini ndogo ana sababu kubwa zaidi ya kuanza na sauti.

Nilikwenda kutafuta mitumba iliyotoka Dubai. Kwa shilingi 38,000 nilipata risiva ya kugawa sauti na spika tano zilizotumika, na ya besi nikaongezewa na binamu yangu aliyekuwa haitumii. Hiyo haifiki nusu ya bei ya ile televisheni, na ndiyo iliyomrudisha mama sebuleni.

Haikuwa kazi ya siku moja. Nilianza na kijisanduku cha Android cha bei nafuu, kimeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu. Filamu ya kukodi ikawa na ukungu, kama imefunikwa na chandarua. Wiki mbili nililaumu intaneti bure. Kumbe huduma za filamu halali hukikagua kifaa kabla hazijakipa picha nzuri, na kisichokuwa na kibali cha ulinzi cha daraja la juu, kile cha Widevine L1, hupewa picha ya chini tu, hata kama waya na kioo vyote ni vya 4K. Duka liliniuzia herufi za dhahabu. Ukienda kununua, usiulize kama kina 4K. Uliza kama kina kibali, na wakuwashie huduma unayotumia palepale dukani.

Kisha televisheni yenyewe. Waya wa HDMI unaokwenda kwenye risiva uchomekwe kwenye tundu lililoandikwa ARC, halafu ingia kwenye mipangilio ya sauti uangalie inatoa nini. Nyingi zimewekwa kiwandani kutoa njia mbili tu, chini ya neno PCM. Watu wananunua spika tano, zile za nyuma zinakaa kimya miaka, na wenyewe hawana habari. Kwenye picha, zima ile rangi kali ya dukani na uchague ya sinema. Zima pia ule ulainishaji wa mwendo. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na televisheni hujitungia picha nyingine za kujaza katikati, hata filamu ya mamilioni ya dola ikafanana na kipindi cha studio. Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie waliwahi kurekodi video mwaka 2018 kuwasihi watu wauzime, na walikuwa na haki.

Nyumba yetu ni ya Mji wa Kale, ya mawe ya matumbawe, ukuta mnene kiasi cha mkono, dari ya boriti juu kabisa. Inatunza ubaridi, lakini ukipiga makofi sauti inarudi. Spika nzuri kwenye chumba kama hicho ni kazi bure. Nilitandika zulia zito, pazia nene likafunika ukuta wa nyuma, na mikeka miwili ya bibi yangu mzaa mama, iliyokuwa imekunjwa juu ya kabati tangu afariki, nikaitundika pembeni. Mwangwi ukatulia. Mama alipita akaigusa kwa vidole, akatambua ukili wa mamaye.

Naipenda kodi ya filamu moja moja kuliko kulipa mwezi mzima. Ukilipia una siku 30 za kuanza kuitazama, na ukishaianza una saa 48. Kwa hiyo inachaguliwa. Nyumba nzima inabishana tangu Jumatano, na Ijumaa baada ya Isha kila mtu amekaa, simu ziko kwenye sinia jikoni. Najua mjini unajaziwa flashi kwa shilingi 50 filamu moja. Nimewahi kujaziwa. Baadhi ya nakala zile zimerekodiwa ndani ya jumba la sinema, unasikia mtu akikohoa huku Wachina wakipigana, na njia sita za sauti hazimo. Aliyeitengeneza filamu hapati hata senti. Sitaki mamangu asikilize kikohozi cha mtu asiyemjua.

Filamu iliyonimalizia ubishi wote ni Life of Pi ya Ang Lee, ya mwaka 2012. Kijana wa Kihindi amebaki ndani ya mashua na chui milia katikati ya bahari, na kisa chenyewe kinasimuliwa na yeye mwenyewe akiwa mtu mzima, kwa sauti ya marehemu Irrfan Khan, hivyo hata asiyeona ana mkono wa kushika. Binti yangu wa miaka 14 aliketi miguuni pa bibi yake akimweleza kwa Kiswahili yaliyokuwa yakipita kiooni. Ikafika pale samaki wenye mbawa wanaporuka kwa maelfu juu ya mashua. Binti alikuwa bado hajafungua mdomo. Mama aliinamisha kichwa, akainua mkono kana kwamba anajikinga, akasema: "Panzi hao! Wapita juu yangu, watoka kulia!" Babake alikuwa mvuvi wa Nungwi. Panzi wa baharini alikuwa ameshawasikia utotoni, ndani ya ngalawa, miaka sabini iliyopita. Na walikuwa wakitoka kulia.

Hakuna kioo cha inchi yoyote ambacho kingempa mamangu dakika ile.

Tangu hapo binti yangu ndiye msimulizi wa nyumba, na amekuwa hodari. Anajua kunyamaza wahusika wakisema, anajua kuingia pale pana nafasi. Sisi watu wa pwani na bara hatukosi ujuzi huo. DJ Afro amesimulia filamu kwa Kiswahili miaka mingi hapa Kenya, na marehemu Lufufu alifanya hivyo Tanzania. Vibanda vya video vilijaa kwa ajili ya sauti zao. Walisimulia kwa wanaoona. Kwa wasioona, Netflix ilianza kuweka maelezo ya sauti mwaka 2015, ikianzia na Daredevil, kisa cha wakili kipofu. Unachagua njia hiyo ya sauti kama unavyochagua lugha, na msomaji anakueleza kwa ufupi nani ameingia na ameshika nini. Katika filamu zote nilizomkodia mama, sijakutana na hata moja yenye maelezo hayo kwa Kiswahili.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaotengeneza filamu Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar. Mnaposafirisha filamu yenu kwenda kwenye huduma za intaneti, ongezeni njia moja ya maelezo kwa Kiswahili. Anahitajika mwandishi mzuri, msomaji mmoja na kipaza sauti. Binti wa miaka 14 anaifanya kazi hiyo bila karatasi, akiwa ameketi sakafuni. Nanyi mnaouza televisheni, wasikilizisheni wateja filamu kabla hamjawaonyesha rangi. Kodi ya filamu yenu ya kwanza yenye maelezo hayo nitailipa mimi, siku itakayotoka, na mama atakuwa kwenye kiti chake.