Bwana Shamba Asema: Ebenezeri Ni Nani?

Mwezi huu sina habari za mbegu. Tumkumbuke mwimbaji Angela Chibalonza.

Angela alikuwa mtu wa Kongo, akaishi Kenya. Aliimba Injili kwa Kiswahili. Alifariki mwezi Septemba 2007 kwa ajali ya gari huko Kenya. Lakini sauti yake haijatuacha. Ngara na Biharamulo tunaisikia redioni, harusini na hata matangani.

Wimbo wake mmoja unaitwa "Ebenezer". Miaka mingi niliuimba nikidhani hilo ni jina la mtu.

Siku moja nilikwenda Biharamulo kuangalia maharagwe. Akina mama walikuwa wanapalilia huku wakiimba wimbo huo. Nikawauliza, "Huyu Ebenezeri ni nani?" Wakacheka sana. Mama mmoja, mjane, akaweka jembe chini.

"Si mtu, bwana shamba. Ni jiwe."

Mama huyo alijifunza kusoma katika elimu ya watu wazima, tayari akiwa na wajukuu. Siku ya kumzika mumewe, kwaya iliimba "Ebenezer". Alitaka kujua ameimbiwa nini. Mchungaji alimtajia kitabu tu. Mahali penyewe alipatafuta peke yake, siku tatu, kidole juu ya mstari. Akapaona: Samweli wa Kwanza, sura ya 7, mstari wa 12. Samweli alisimamisha jiwe, akaliita Ebenezeri, maana yake jiwe la msaada.

"Nilipopasoma nililia," alisema. "Siku ya mazishi sikulia."

Akashika jembe. Wenzake walikuwa wamekwisha anza ubeti wa pili.