Newton Hakupinduliwa

Kosa nitakalolishambulia hapa nililitenda mimi mwenyewe, kwa hiyo nianze kwa kukiri. Miaka kadhaa iliyopita niliwatafsiria vijana wa mtaa wetu wa Chuno, Mtwara, kijitabu cha sayansi. Nilipofika mahali panapoeleza jinsi Albert Einstein alivyoleta nadharia mpya ya mvutano, kalamu iliteleza. Niliandika kwamba Einstein "alimpindua" Newton. Neno lilinipendeza kwa kishindo chake. Haukupita muda, kijana mmoja mtunzi akanijia barazani na kijitabu kile mkononi. Akasema: "Mwalimu, umeandika mwenyewe. Ikiwa Newton amepinduliwa, mizani na vina ni nini hata visipinduliwe?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo. Newton hakupinduliwa, na kila amwitaye Einstein aje kutoa ushahidi dhidi ya ya kale, ameita shahidi wa upande wa pili.

Isaac Newton alichapisha kanuni zake za mwendo na mvutano mwaka 1687. Kwa kanuni hizo bahari yetu ilielezeka: bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa kuwa jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, kwa kuwa kila kimoja huvuta upande wake. Wavuvi wa mlango wa Ruvuma wanazijua nyakati hizo kwa mapokeo ya wazee wao. Newton aliwapa sababu, hakuwanyang'anya hesabu yao.

Naam, Newton alikuwa na deni. Njia ya sayari Utaridi ilikataa kutii hesabu yake kikamilifu. Igawe digrii moja mara 3,600; Utaridi alizidisha sehemu 43 kama hizo kwa kila miaka 100. Ni tofauti ndogo mno, lakini haikufutika. Mwaka 1915 Einstein aliilipa. Je, alilipa kwa kubomoa nyumba ya mzee? La hasha. Alijiwekea sharti kwamba pale mvutano ulipo dhaifu na kasi ni ndogo ikilinganishwa na ya nuru, hesabu zake mpya zirudi kuwa zile za Newton. Sharti hilo aliliheshimu hata likamponza. Mwaka 1912 na 1913 alikuwa na milinganyo iliyokaribia sana ile ya kweli, akaiweka kando, na sababu mojawapo ni kwamba alidhani hairudi kwa Newton. Ilimchukua miaka kutambua kwamba hurudi. Huyo ndiye mpinduzi tuliyesimuliwa!

Msomaji atauliza: zinarudi kwa kiasi gani? Chukua basi liendalo kilomita 90 kwa saa, kama yale ya Mtwara na Dar es Salaam, lakini lisisimame mwaka mzima. Kwa mujibu wa Einstein, mwendo huo utaichelewesha saa ya dereva. Kwa kiasi gani? Sekunde moja ukiigawa mara milioni kumi, ni kama sehemu moja tu. Dereva hatachelewa chakula cha jioni. Lakini chukua vyombo viwili vinavyoelekeana, kila kimoja kwa robo tatu ya kasi ya nuru. Hesabu ya zamani ingesema kila kimoja humwona mwenziwe akija kwa kasi ya nuru mara moja na nusu. Einstein anasema hapana, ni asilimia 96 ya kasi ya nuru. Kanuni ni moja: kwenye basi humpa Newton haki yake, karibu na nuru husema neno lake lenyewe.

Ushahidi mwingine tumeuweka mifukoni. Simu inayomwonyesha mvuvi alipo hutegemea saa zilizomo katika setilaiti. Saa hizo zingeachwa bila kusahihishwa kwa nadharia ya Einstein, zingetangulia za duniani kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, na kosa la mahali lingefika kama kilomita 11 kwa siku. Hata hivyo, njia za setilaiti hizo hukokotolewa kwa mvutano wa Newton kwanza, kisha yakaongezwa masahihisho madogo. Wawili hao wanafanya kazi katika chombo kimoja.

Na tusidhani kwamba habari hizi ni za watu wa mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Iliona kwamba eksirei za mahali paitwapo Cygnus X-1 hubadilika upesi mno. Punde wanafalaki wakagundua hapo nyota kubwa inayozungukana na kitu kisichoonekana, mzunguko mmoja kwa siku 5.6. Uzito wa kitu hicho waliupimaje? Kwa kanuni za Kepler na Newton! Na uzito huo ndio uliowafanya waseme kwamba hilo ni shimo jeusi, mahali ambapo Newton hana tena la kusema na Einstein hushika usukani. Mzee ndiye aliyemfikisha kijana mlangoni.

Niels Bohr naye, aliyeshughulika na chembe ndogo kabisa, aliifanya hoja hii kuwa kanuni na mwaka 1920 akaipa jina. Mimi naiita kanuni ya uafikiano: nadharia mpya sharti ikubaliane na ya zamani pale ya zamani ilipokwisha kuthibitika.

Neno baya huzaa balaa. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikija na watu wa mabondeni kwetu wakahimizwa kuhama, nilimsikia mtu akisema: "Wanasayansi hao leo hivi, kesho vile, wanapinduana kila siku." Tarehe 25 kimbunga kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikaua makumi ya watu. Sisi tuliponea chupuchupu. Utabiri ule ulisimama juu ya kanuni za mwendo za Newton, huyo tunayesema amepinduliwa.

Sasa nawageukia watunzi. Wazee wa arudhi msishangilie upesi. Newton alikuwa na mpaka asioujua, nayo sheria zilizokusanywa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 zina mpaka wake. Anayesema nje ya vina hakuna ushairi ni sawa na anayekataa kumtazama Utaridi. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974 alituonyesha kwamba kuna bahari ng'ambo ya mwamba.

Nawe kijana wangu, ushairi si fizikia, wala sitakupimia hisia kwa kipimo cha saa. Lakini deni la mpya ni lile lile. Nieleze kwa nini nane kwa nane huimbika, huhifadhika kichwani na humtoa mtu machozi. Kisha nionyeshe ni wapi inaposhindwa, nawe unaanzia hapo. Asiyeweza kuutunga wala kuueleza utenzi hajaivuka arudhi. Hajaifikia. Wahenga walituonya: kipya kinyemi ingawa kidonda.

Katika kijitabu kile nimelifuta neno "alimpindua". Nimeandika: "alimwonyesha mpaka wake, akaendelea mbele." Halina kishindo, ila ni kweli. Na kijana wangu namwachia ubeti:

Mpya aje barazani, nasi tutampokea,
Aonyeshe hadharani, ya kale yalomlea,
Akikana ya zamani, hesabu ikapotea,
Arudi kwake shuleni, kujifunza kwendelea.