Amri Mpakani Isingoje Simu

Wako watu wasemao kwamba siku hizi jemadari akikaa Dodoma aweza kumwongoza kila askari aliyeko mpakani, maana simu zipo na mitambo ipo. Sisi hatukubali. Mkoa wa Kagera ulikwisha kuona zamani jinsi habari zikatwavyo.

Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Viktoria wakaushambulia mji wa Bukoba. Shabaha yao kubwa ilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Walipokwisha kukivunja walipanda meli wakarudi zao. Hawakuutaka mji, waliutaka mlingoti! Mwaka uliofuata Wabelgiji waliingia Biharamulo. Na hata bila vita, Mei 2024 nyaya zilikatika chini ya bahari, intaneti ikazorota nchi nzima.

Basi na tuitazame Ngara, wilaya ipakanayo na Rwanda na Burundi. Tarehe 28 Aprili 1994 wakimbizi walianza kumiminika kupitia daraja la Rusumo, na kwa muda wa siku moja hivi walikuwa wamevuka watu kama 250,000. Katika hali kama ile, ofisa aliyeko darajani hana nafasi ya kungoja swali lipande na jibu lishuke. Tena, wakaaji wa mpakani wajua kwamba simu zao pengine hudaka mnara wa nchi jirani. Nani asikilizaye, hatujui.

Kwa hiyo twasema ofisa wa Ngara au Biharamulo aelezwe mapema shabaha ya wakubwa wake na mpaka wa madaraka yake, ili simu zikinyamaza ajue la kutenda.

Je, akidanganywa? Swali hilo ni la haki. Mwanzoni mwa Vita vya Kagera, mwaka 1978, askari wetu walizitungua ndege tatu za Tanzania zilizokuwa zikielekea Mwanza, wakidhani ni za adui. Kufunga njia, kuhamisha raia na kuzidisha doria, hayo ofisa ayaamue papo hapo. Lakini kufyatua, isipokuwa amekwisha kushambuliwa, kungoje habari ya njia mbili zisizotegemeana. Mjumbe wa pikipiki atokaye Kabanga kwenda Ngara mjini na neno la siri walilopatana asubuhi si jambo la kizamani. Vijana wa mgambo wazijua njia hizo. Wafundishwe sasa, na gharama yake ni petroli tu.