Wingi wa makala si kipimo cha utafiti bora

KATIKA vyuo vikuu na hospitali za mafunzo, hadhi ya mtafiti hupimwa sana kwa mambo mawili: idadi ya makala aliyochapisha katika majarida ya kitaalamu na mara ambazo makala hayo yametajwa na watafiti wenzake. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliyaunganisha mambo hayo kuwa kipimo kimoja. Mtafiti mwenye alama 40, kwa mfano, ana makala 40 ambayo kila mojawapo yametajwa angalau mara 40.

Kipimo hiki ni chepesi kutumia, na hapo ndipo hatari ilipo. Katika huduma ya wagonjwa mahututi, ambapo uamuzi wa dakika chache huweza kuokoa au kupoteza maisha, wingi wa makala umewahi kuwapotosha madaktari.

Kwa miaka mingi Joachim Boldt, daktari wa nusukaputi nchini Ujerumani, alihesabiwa miongoni mwa mabingwa wa fani hiyo. Alichapisha mamia ya makala, mengi yakihusu maji yenye chembe za wanga ambayo hutiwa mishipani ili kuinua shinikizo la damu. Makala hayo yaliyasifu maji hayo kuwa salama.

Mwishoni mwa 2009 alichapisha utafiti katika jarida la Anesthesia & Analgesia. Wasomaji walizitilia shaka takwimu zake. Uchunguzi ulipofanywa, haukupatikana ushahidi kwamba utafiti huo uliwahi kufanyika. Makala hayo yalibatilishwa 2010 na mwandishi akapoteza kazi mwaka uo huo. Mwaka uliofuata, wahariri wa majarida kadhaa walitangaza kwamba makala mengine zaidi ya 80 hayakuwa na idhini ya kamati ya maadili. Kufikia sasa, yaliyobatilishwa yamepita 200.

Je, wagonjwa walidhurika? Mwaka 2013, jarida la JAMA lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu maji hayo ya wanga. Tafiti saba za Boldt, zenye wagonjwa 590, zilipoondolewa hesabuni, ilibainika kwamba miongoni mwa wagonjwa 10,290 waliosalia, maji hayo yaliongeza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 9. Tafiti chache za mtu mmoja zilikuwa zimeuficha ukweli huo. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulisitisha idhini ya kuyauza.

Linganisha hayo na utafiti uliohusu swali lilo hilo la maji ya mishipani, uliofanywa hapa Afrika Mashariki. Profesa Kathryn Maitland, ambaye kituo chake ni Kilifi, aliongoza utafiti uitwao FEAST katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Ulihusisha watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vyema. Wale waliokuwa wakiharisha au wenye utapiamlo mkali hawakujumuishwa.

Miongozo ya wakati huo ilipendekeza mtoto wa aina hiyo atiwe maji mengi kwa haraka. Matokeo, yaliyochapishwa 2011 katika New England Journal of Medicine, yaliwashangaza wengi. Katika saa 48 za kwanza, takriban asilimia 10.5 ya watoto waliopewa maji kwa haraka walifariki, ilhali miongoni mwa wale ambao hawakupewa, waliofariki walikuwa asilimia 7.3. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya vifo vitatu kwa kila watoto 100.

Watafiti wote wawili wametajwa mara nyingi. Tatizo ni kwamba kipimo cha kutajwa hakibagui. Makala hutajwa yanaposifiwa, na hutajwa pia yanapokosolewa. Hata yaliyobatilishwa huendelea kutajwa na waandishi wasiojua kwamba yameondolewa.

Jambo hili latuhusu. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini ilitoa mwongozo uliofanya alama za machapisho kuwa sharti la kupandishwa cheo. Nia ilikuwa njema, kwani mhadhiri asiyetafiti hana jipya la kufundisha. Hata hivyo, anayehesabiwa kwa wingi atajitahidi kuleta wingi, na mwenye utafiti mmoja wa miaka mingi ataachwa nyuma.

Si kwamba takwimu hizo zitupwe. Zitumiwe kama mlango wa kuanzia uchunguzi, si hukumu ya mwisho. Wanaoajiri na kupandisha vyeo waulize pia: Je, utafiti ulipata idhini ya maadili? Je, data zake zinaweza kukaguliwa? Je, wengine waliourudia walipata matokeo yayo hayo? Na zaidi ya yote, umebadilisha nini kando ya kitanda cha mgonjwa?

Mtoto aliyelazwa wodini hajui daktari wake amesoma makala mangapi. Anachohitaji ni kwamba yale yaliyosomwa yawe ya kweli.